Tupa Ndani ya Mkate wa Wishwa

Neno la kwanza analoambiwa mtoto mgonjwa akifikishwa chumba cha sindano ni "jikaze". Sista hulisema kwa upole huku akimfunga mpira mkononi na kupapasa mshipa. Mama hulisema akiwa amemshika miguu. Baba, kama yupo, hulisema kwa ukali kidogo na kuongeza kwamba mwanaume halii. Wote wana nia njema, na wote wanamdai mtoto kitu ambacho hawajampa. Mtu hujikaza kwa nguvu aliyo nayo. Mtoto wa miaka sita aliyekesha na maumivu ya mifupa, akachomwa mkono wa kulia mshipa ukapotea, sasa unatafutwa wa kushoto, nguvu hiyo aitoe wapi?

Nauliza hivyo nikiifikiria Tumbi. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Pwani iliyoko Tumbi, Kibaha, kilomita zipatazo 40 kutoka Dar es Salaam, wengi tunaijua kwa sababu ya ajali za Barabara ya Morogoro. Basi likipinduka Mlandizi au Visiga, taarifa ya habari husema majeruhi wamekimbizwa Tumbi. Lakini hospitali za ukanda huu, kuanzia Kibaha hadi Kisarawe, zina wagonjwa wengine wanaofika bila king'ora na bila kutajwa na redio yoyote. Hubebwa mgongoni, hupakatwa kwenye bodaboda, na wiki chache baadaye hurudi tena na maumivu yale yale. Hao ni watoto wenye selimundu.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu duniani. Makadirio yanayotumiwa na wataalamu wetu ni watoto 11,000 kila mwaka. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo na laini, kwa watoto hawa hukakamaa na kujipinda, zikakwama kwenye mishipa midogo na kuzuia damu isipite. Sehemu iliyokosa damu huuma. Kwa mtoto mchanga huanza na vidole vya mikono na miguu kuvimba, wazazi wakadhani ameng'atwa na mdudu. Akikua, maumivu huhamia mgongoni, kifuani, kwenye mapaja. Baridi huyachokoza, na pia kiu, homa, malaria na uchovu wa mchezo. Waliowahi kuyapata ukubwani na kuyaeleza wanasema ni kama mfupa unavunjwa ukiwa bado ndani ya mwili.

Pwani yetu imebeba mzigo huu kwa sababu ya kihistoria. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kutokana na utafiti wake Afrika Mashariki kwamba mtu aliyerithi kinasaba kimoja tu cha selimundu anakingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kinasaba hiki kimedumu katika maeneo ya mbu kwa vizazi vingi. Wazazi wawili walio nacho, wasioumwa chochote, wakizaa, kila ujauzito una uwezekano wa moja kwa nne wa kuleta mtoto mgonjwa. Mtoto huyo analipa gharama ya vita ambavyo babu zake walishinda.

Tiba zimesonga mbele, na ni haki kulisema hilo kwa sauti. Hospitali ya Muhimbili, ambako Profesa Julie Makani na wenzake walianza kuwafuatilia wagonjwa kwa utaratibu wa utafiti mwaka 2004, imekuwa moja ya vituo vikubwa vya elimu ya selimundu duniani. Penisilini ya kila siku huwakinga watoto wadogo na maambukizi yanayoua. Haidroksiyurea hupunguza idadi ya mashambulizi ya maumivu. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Hata hivyo, kati ya kliniki moja na nyingine kuna usiku, na usiku wa manane wodini hakuna profesa. Kuna mtoto, mama aliyelala sakafuni kwenye kanga, na dripu inayodondoka.

Hapo ndipo ninapotaka tuzungumzie hadithi.

Majira ya baridi ya mwaka 1941, jijini Stockholm, msichana wa miaka saba aitwaye Karin alikuwa kitandani akiugua nimonia. Enzi hizo nimonia ilikuwa jambo la kutisha, kwa kuwa penisilini ilikuwa bado haijawafikia watu wa kawaida. Karin alimwomba mama yake hadithi, na mama alipouliza hadithi ya nani, mtoto akatunga jina papo hapo: Pippi Långstrump. Mama hakuuliza huyo ni nani. Alianza tu kusimulia, na kwa kuwa jina lilikuwa la ajabu, akamfanya msichana wa ajabu: mwenye nguvu kuliko wote duniani, anayeinua farasi kwa mikono yake, anayeishi peke yake bila mtu wa kumwamuru alale saa ngapi. Miaka mitatu baadaye mama huyo aliteleza kwenye theluji akaumia kifundo cha mguu, akalazimika kulala, na akaitumia nafasi hiyo kuandika hadithi zile. Kitabu kilitoka mwaka 1945. Mama huyo ni Astrid Lindgren, na Pippi amesomwa karibu dunia nzima.

Mambo mawili katika kisa hiki nayaona makubwa. La kwanza ni kwamba shujaa mwenye nguvu kuliko wote alizaliwa kitandani pa mgonjwa, siku ambazo mgonjwa mwenyewe hakuwa na nguvu za kusimama. La pili, ambalo watu wazima hulisahau, ni kwamba jina lilitoka kwa mtoto. Mama alifuata. Ujasiri wa mtoto mgonjwa unaanzia hapo. Wodini yeye haamui chochote: aamke saa ngapi, ale nini, achomwe wapi, aende nyumbani lini. Kila mkono unaomgusa ni wa mtu mkubwa mwenye haraka. Ndani ya hadithi aliyoianzisha mwenyewe, yeye ndiye mwenye amri, na mtoto aliyekuwa na amri kwa dakika kumi anarudi kwenye sindano akiwa mtu mwingine.

Sisi hatuna haja ya kuagiza jambo hili Sweden. Utaratibu wetu wa hadithi umelijenga tangu zamani. Bibi akisema "Paukwa!" hawezi kuendelea mpaka mtoto aitikie "Pakawa!" Mtoto ndiye anayefungua mlango. Tuseme basi tuko wodini, saa mbili usiku, na sista anakuja kubadilisha kanula iliyoziba.

"Paukwa!"

"Pakawa."

"Hapo zamani za kale paliondokea nani, mwanangu?"

"Kobe."

"Kobe gani?"

"Kobe wa umeme."

"Anakwenda wapi usiku huu?"

"Anakwenda Soga kupanda treni."

Mama yeyote wa Kibaha anaijua Soga, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inapita pale ikielekea Morogoro. Kobe wa umeme kupanda treni ya umeme ni jambo lenye mantiki kamili kwa mtoto wa miaka sita. Mama anaendelea: kobe amefika stesheni, na sista ndiye mkata tiketi. Tiketi za treni hii hukatwa mkononi. "Kobe anatoa mkono upi?" Mtoto anafikiri, anautazama mkono wa kulia uliovimba, anautoa wa kushoto. "Itamuuma?" anauliza. "Itamuuma kidogo, halafu treni itaondoka." Sista anachoma. Mtoto analia, maana sindano ni sindano, lakini mkono hakuuvuta. Ameutoa mwenyewe.

Sayansi inalitambua hili. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba taarifa ya maumivu haipandi kwenye ubongo kama maji ya bomba. Njiani, kwenye uti wa mgongo, kuna kama lango, na ubongo wenyewe hutuma amri za kulifungua au kulibana. Hofu hulifungua. Akili iliyozama katika jambo jingine hulibana. Huko Seattle, Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waliwavisha wagonjwa walioungua moto miwani ya kompyuta, nao wagonjwa wakaingia katika nchi ya barafu na kurusha matonge ya theluji wakati vidonda vyao vikisafishwa. Wagonjwa walieleza kuwa maumivu yamepungua sana, na picha za ubongo zilikubaliana nao.

Kwa mtoto wa selimundu, hata hivyo, nchi ya barafu haifai. Baridi ndiyo adui yake. Yeye anataka jua: mchanga wa Bagamoyo saa sita mchana, maji ya vuguvugu yanayompanda kifundoni, mama akimsugua miguu kwa mafuta yaliyopashwa moto huku akimwambia wimbi limefika wapi. Joto la mkono na joto la hadithi viende pamoja. Hilo nalisema kwa kusisitiza kwa sababu mbinu hizi zikiandikwa na wageni huja na theluji zao, na mama wa Maneromango au Mzenga anajua zaidi kuhusu joto kuliko mtafiti yeyote.

Hapa pana hatari moja ambayo wahudumu wa afya wanapaswa kuijua. Mtoto anayecheza anaweza kuonekana haumwi. Anacheka na kobe wake, daktari anapita, anasema huyu ameshapata nafuu, na dawa ya maumivu inasogezwa mbele. Hilo ni kosa. Watoto wenye maumivu ya muda mrefu hujifunza kucheza wakiwa ndani ya maumivu, kwa kuwa wakisubiri yaishe hawatacheza kamwe. Anayetaka kujua kama mtoto anaumwa amuulize mtoto mwenyewe. Hadithi hukaa kando ya parasetamo, brufeni na mofini. Haichukui nafasi ya yoyote kati yao.

Kuna pia kubuni kunakoua, na huko ni kwetu watu wazima. Mtoto akirudia kulazwa mara kwa mara, hadithi huanza kutungwa mtaani bila "Paukwa". Amechezewa. Ana jini la ukoo. Bibi yake mzaa mama ana mkono wake. Kwa kawaida lawama huishia kwa mama, na ndoa nyingi zimevunjika juu ya kitanda cha mtoto asiyejua kosa lake. Mtoto anayasikia haya yote, maana mtu mzima akinong'ona chumbani humwona mtoto amefumba macho na kudhani amelala. Kisha anatunga hadithi yake ya siri: mimi ndiye ninayewagombanisha. Ukweli wa vinasaba unatosha kuisambaratisha hadithi hiyo. Ugonjwa umetoka kwa baba na mama kwa usawa, bila kosa la yeyote, na mtoto wa miaka saba anaweza kuelezwa hivyo akaelewa.

Tusidanganye kwa jina la kutuliza. "Huchomwi, tunakupima uzito tu" ni uongo, na mtoto aliyedanganywa mara moja hatamwamini mama wala sista mara ya pili. Hadithi nzuri inakubali sindano imo ndani yake, na inampa mtoto kazi ya kufanya sindano inapofika. Watu waliofanya kazi na watoto waliofiwa na wazazi kwa UKIMWI walilifahamu hili mapema. Uzoefu wa mradi wa Humuliza, ulioanza miaka ya 1990 huko Nshamba, Muleba, ulichangia kuzaliwa kwa taasisi ya REPSSI, ambayo imeeneza barani utaratibu wa mtoto kutengeneza kitabu chake cha shujaa. Mtoto hujichora yeye ndiye shujaa. Tatizo lake hulichora kando, nje ya mwili wake, akalipa jina na sura, kisha akachora marafiki na hila alizo nazo za kupambana nalo. Anayefanya hivyo halikani tatizo. Analitazama usoni, na anaona kwamba yeye ni yeye na ugonjwa ni ugonjwa.

Mashujaa tunao. Sungura anawashinda fisi na simba akiwa ndiye mwenye mwili dhaifu kuliko wote, na sidhani kama kuna mnyama anayemfaa zaidi mtoto wa wodini. Watoto wa leo wanaye Akili, msichana wa miaka minne wa katuni za Ubongo zinazotengenezwa Dar es Salaam, ambaye kila akilala huingia Lala Land akakutana na marafiki zake wanyama. Kwa mtoto anayeogopa usingizi kwa sababu maumivu humwamsha, habari kwamba upande wa pili wa usingizi kuna marafiki ni habari njema.

Lakini mimi ningempa Fumo Liyongo. Jitu hilo la hadithi za Waswahili wa pwani ya kaskazini, ambalo mikuki na mishale haikulidhuru, lilikuwa na udhaifu mmoja tu: sindano ya shaba kitovuni. Mtoto anayeona aibu kuogopa sindano aambiwe kwamba hata Liyongo, aliyetisha miji mizima, aliiogopa. Mwisho wa kisa chake tuuache mpaka mtoto apone na akue. Usiku huu tumsimulie gereza.

Liyongo amefungwa minyororo, walinzi mlangoni, hana pa kwenda. Kila siku mama yake anamletea chakula kwa mkono wa mtumishi, na kila siku walinzi wanakila kile kizuri. Liyongo akatuma ujumbe wa kishairi kwa mama yake: oka mkate wa wishwa, mkate wa makapi usiotamanika, na ndani yake weka tupa. Walinzi walipouona wakaucheka, wakamwachia mfungwa. Kisha Liyongo akaomba wimbo upigwe nje kwa nguvu, ngoma na matari, na wakati watu wote wakiimba na kucheza yeye alikuwa akikereza chuma cha minyororo yake, sauti ya tupa ikimezwa na ngoma.

Mtoto aliyelazwa Tumbi anakielewa kisa hiki kuliko mimi na wewe. Naye yuko mahali ambapo hawezi kutoka, na mkononi ana mpira wa dripu uliomfunga kitandani. Naye kila mchana anasubiri hotipoti kutoka nyumbani, Kongowe, Maili Moja au mbali zaidi. Mwulize: leo ndani ya ugali huu mama ameficha nini? Atatafuta. Atakula tonge la kwanza akitafuta, la pili, la tatu, na mama aliyekuwa akimbembeleza ale tangu juzi ataona sahani imefika nusu. Hapo hakuna dawa mpya iliyotolewa, lakini mtoto amekula, na mtoto aliyekula na kunywa maji vizuri amejipunguzia hatari ya shambulio linalofuata.

Naijua hoja ya wanaosema hospitali zetu zina upungufu wa mambo makubwa zaidi: damu, vitanda, watumishi. Hoja ni ya kweli. Lakini hadithi haigombanii fungu na damu. Tena si fadhila. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataja kucheza kuwa haki, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeirudia haki hiyo. Hakuna kifungu kinachosema haki hiyo inasimama mtoto anapolazwa. Huko Muhimbili, taasisi ya Tumaini la Maisha inayohudumia watoto wenye saratani imeweka masomo na michezo kuwa sehemu ya huduma, pamoja na kemotherapi, na huo ni ushahidi wa nyumbani kwamba inawezekana.

Na kwa Tumbi, inawezekana kwa wepesi wa pekee. Hospitali hii ilianza kama kituo cha afya ndani ya mradi ambao Sweden, Norway, Denmark na Finland ziliuanzisha Kibaha miaka ya 1960, na kuukabidhi kwa Serikali ya Tanzania tarehe 10 Januari 1970. Ndipo likazaliwa Shirika la Elimu Kibaha, kwa shabaha ya kupiga vita ujinga, maradhi na umaskini kwa pamoja, mahali pamoja. Mradi huo huo ulizaa shule za Kibaha na Maktaba ya Umma ya Kibaha. Waliochora ramani ile, ambao baadhi yao walitoka katika nchi ya Karin na Pippi, waliona kitabu na kitanda cha mgonjwa ni vya familia moja.

Basi ombi langu kwa viongozi wa hospitali, wa maktaba na wa Shirika la Elimu ni dogo. Wekeni kikapu cha vitabu vya Kiswahili vya watoto katika wodi ya watoto. Vipo vya kutosha, kwa kuwa Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukichochea uandishi na uchapishaji wake tangu mwaka 1991. Vikichakaa vibadilishwe. Wanafunzi wa sekondari za Kibaha waandikishwe kwa zamu kuja kusoma kwa sauti jioni, kwa ridhaa ya sista wa zamu na wakiwa wamenawa mikono. Bibi anayemuuguza mjukuu wake aombwe asimulie kwa wodi nzima, kama ana nguvu. Penseli za rangi na karatasi viwekwe karibu na chumba cha sindano.

Na wewe msomaji unayekwenda Jumapili hii kumjulia hali mtoto wa jirani, peleka machungwa kama kawaida, na maji ya kunywa. Ukifika, usimwambie ajikaze. Vuta kiti, sema "Paukwa", kisha nyamaza mpaka aitikie.